Matairi ya pikapu na lori dogo la umeme Mombasa: lisome la zamani kabla ya kununua jipya

Pikapu ya umeme ikianza kula matairi, wengi hukimbilia dukani. Nakuomba usubiri kwanza. Tairi lililoisha vibaya lina habari za gari lako, na ukilitupa bila kulisoma, jipya utakalofunga kesho litaliwa vilevile. Mwongozo huu ni wa wenye pikapu na malori madogo ya umeme yanayobeba mzigo wa kila siku hapa mjini na viungani: maji, unga, saruji, samaki wa barafu. Nitaanza na tairi kuukuu, kisha nitapanga mapya kuanzia lile ambalo ningelilipia mwenyewe hadi lile nisilolitaka hata kwenye spea.

Gari la umeme lina sababu tatu za kumaliza matairi upesi. Ya kwanza ni uzito wa betri. Ford F-150 Lightning huzidi tani 2.7 kabla hujaweka hata gunia moja, na Rivian R1T hupita tani 3. Ya pili ni nguvu ya mota, ambayo huja yote kwa mpigo gari likiwa bado limesimama. Ya tatu husahaulika: ukiachia mwendo, mota hugeuka breki na kurudisha umeme kwenye betri, na kazi hiyo hufanywa na magurudumu yaleyale yanayosukuma. Basi tairi la ekseli yenye mota husukuma na hushika breki, na kwenye foleni ya daraja la Nyali jioni hufanya hivyo kila baada ya hatua chache.

Kulisoma tairi

Nunua kipimo kidogo cha kina cha meno. Pima kila tairi mahali patatu: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Andika vipimo kumi na viwili vya matairi manne kwenye karatasi. Usipime upande wa nje tu kwa kuwa ndio unaoonekana. Matairi mengi niliyoona yakipasuka yalikuwa mazuri kabisa kwa nje, na waya zimetokeza ndani ambako hakuna anayeinama kutazama.

Mabega yote mawili, yaani ukingo wa ndani na wa nje, yameisha na katikati pamebaki: upepo ni mdogo, au mzigo umezidi. Hapa nataka tukae kidogo, maana kwetu pwani kuna chanzo ambacho watu wa bara hawakijui sana. Chumvi. Rimu ya alumini iliyokaa kwenye hewa ya bahari, ikapita kivuko cha Likoni kila siku, huota unga mweupe mahali tairi linapokalia. Rimu ya chuma huota kutu ya magamba. Tairi halikai sawasawa, na upepo unatoka polepole, leo kidogo na kesho kidogo. Dereva anaongeza kila wiki, fundi anatafuta msumari na haoni. Paka maji ya sabuni pale tairi linapokutana na rimu, uangalie vipovu vidogo vidogo. Ukiviona, tairi livuliwe, ukingo wa rimu usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka uwe laini, ndipo lifungwe. Kazi hiyo ni ya muda mfupi, na huokoa seti nzima.

Kama gari lilinunuliwa na kujazwa upepo Nairobi, lipime upya likifika. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Tairi lililosoma psi 45 kule litasoma pungufu ya psi 2 hadi 3 huku chini joto likiwa sawa, na joto la Mombasa nalo hulipandisha tena. Mambo mawili hayo yanavutana, kwa hiyo usikisie. Pima asubuhi, gari halijatembea wala jua halijapiga ubavu mmoja.

Katikati pameisha na mabega yamebaki: upepo umezidi. Hutokea sana kwa anayejaza upepo wa mzigo kamili halafu akashinda wiki nzima akitembea tupu.

Ukingo mmoja tu umeisha: magurudumu hayakupangwa sawa. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka ndani kwenda nje, kisha nje kwenda ndani. Ukihisi laini upande mmoja na makali upande mwingine, magurudumu yanatazama pembeni badala ya mbele, na dawa ni alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu. Ikiwa ukingo wa ndani umeisha bila makali hayo, gurudumu limeegemea ndani. Kabla ya kulipia alaimenti, fundi akague bushi na viungo vya usukani, kwa sababu mashine haiwezi kupanga kitu kinachocheza. Pikapu ikiwa na springi za kujitegemea nyuma, mzigo unaposhusha mwili wa gari hubadilisha pia pembe ya magurudumu. Mwambie fundi mzigo wako wa kawaida ni kilo ngapi, na ikiwezekana peleka gari likiwa nao.

Meno ya msumeno, yaani kila jino liko juu upande mmoja na chini upande wa pili ukilizunguka tairi: huu ndio ugonjwa wa magari ya umeme hasa. Ni alama ya kusukuma na kushika breki kwa magurudumu yaleyale. Alaimenti haitautibu. Hamisha matairi mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hivi, punguza nguvu ya breki ya mota gari likiwa tupu na barabara ikiwa na maji, na dereva ajifunze kuondoka taratibu.

Mashimo mashimo kama yaliyochotwa kwa kijiko ni shokabzoba zilizokufa au balansi mbovu. Bapa moja peke yake ni breki iliyofunga ghafla. Nyufa nyembamba ubavuni ni umri na jua.

Ikiwa ekseli moja inaisha mbele ya nyingine, uliza kwanza ni ipi yenye mota na unaendesha kwa hali gani. Rivian R1T ya mota nne, ikiwekwa kwenye hali ya kubana umeme, huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake na gari hushuka chini. Ya mbele kutangulia kuisha hapo si ajabu.

Namba kabla ya jina

Ubavuni, baada ya saizi, kuna namba ya mzigo. 104 ni kilo 900, 106 ni 950, 110 ni 1,060, 113 ni 1,150, 116 ni 1,250 na 121 ni 1,450. Zikiandikwa mbili, kama 106/104, ya kwanza ni ya gurudumu moja na ya pili ni ya magurudumu pacha, yaani mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja wa ekseli. Herufi inayofuata ni ya mwendo, na R, ambayo ni kilomita 170 kwa saa, inatosha kwa kazi yetu yote.

Peleka gari likiwa na mzigo kwenye mizani ya malori, upime kila ekseli peke yake. Tuseme ya nyuma imesoma kilo 1,900. Kila tairi linabeba 950, kwa hiyo 106 inafika pale pale bila akiba. Mimi ningechukua 110 au zaidi, kwa sababu mzigo haukai katikati na tuta huja bila kupiga hodi. Usishuke kamwe chini ya namba iliyobandikwa na kiwanda mlangoni, hata muuzaji akiapa kwamba wenzako wote wanafunga hiyo. Na kumbuka kwamba tairi hubeba uzito huo likiwa na upepo lililopangiwa. Likipungua upepo, uwezo nao hupungua.

Ningenunua kwa mpangilio huu

Namba moja ni tairi la magari ya mizigo, lenye herufi C mwishoni mwa saizi, la meno ya barabarani, kutoka kwa kampuni inayojulikana. Majina ya kuuliza ni Michelin Agilis, Bridgestone Duravis, Continental VanContact na Hankook Vantra. Ubavu wake ni mgumu, namba ya mzigo ni kubwa, na mifereji iliyonyooka hulifanya libingirike kwa wepesi juu ya lami, jambo linaloisaidia betri. Kwa anayezunguka kati ya Kongowea, Changamwe, Bamburi na Mtwapa, sioni sababu ya kutafuta kingine. Usiogope bei. Chukua hesabu ya mfano: tairi la Sh12,000 likienda kilomita 25,000, umelipa senti 48 kwa kila kilomita. La Sh20,000 likienda kilomita 55,000, umelipa senti 36 hivi. Andika kilomita za gari siku unapofunga, upate hesabu yako mwenyewe.

Namba mbili ni tairi lililotengenezwa makusudi kwa magari ya umeme, kama Hankook iON au Pirelli lenye alama ya Elect. Ni matairi mazuri kweli. Hupunguza ukinzani wa barabara, na baadhi yana alama HL mbele ya saizi, maana yake yanabeba zaidi hata ya yale ya XL, yaliyoimarishwa kubeba kuliko ya kawaida. Nimeyaweka ya pili kwa sababu mbili. Saizi nyingi ni za magari ya abiria, na baadhi yamebandikwa povu ndani kupunguza kelele. Povu hilo likichomwa na msumari kule Miritini kwenye yadi za makontena, fundi wa pancha lazima alikate na kusafisha kabla ya kutia kiraka, na wengi hawajawahi kuliona. Pikapu ya familia isiyobeba sana, yafunge kwa furaha. Gari la kazi, fikiri mara mbili.

Namba tatu ni tairi jipya la bei nafuu, mara nyingi kutoka Uchina, likiwa na namba sahihi ya mzigo. Sitamlaumu mtu mwenye biashara changa akilichukua. Hofu yangu ni mvua. Masika ya Aprili na Mei barabara zetu hugeuka mito, na hapo ndipo mpira wa bei rahisi huonyesha tabia yake. Ukilichagua, libadilishe likibakiwa na milimita 3, usingoje vile vinundu vya ndani ya mifereji ambavyo huonyesha milimita 1.6.

Namba nne ni tairi la njia zote, lenye meno makubwa. Kwa anayeingia barabara za mawe ya matumbawe au vijiji vya ndani vya Kwale na Kilifi, hili linaweza kupanda hadi namba moja, maana mwamba wa matumbawe hukata ubavu kama kisu. Kwa mtu wa mjini ni hasara tupu: lina kelele na linakula betri.

Namba tano ni la kuvalishwa mpira upya. Nalikubali kwenye lori lenye magurudumu pacha nyuma, kutoka karakana inayotoa dhamana ya maandishi. Mbele, hapana.

La mtumba, hapana popote. Hujui lilibeba nini, liliwahi kutembea bila upepo au la, wala ubavu umeumia wapi kwa ndani. Juu ya gari lenye tani 3 siwezi kukushauri hivyo.

Dukani na kwenye jeki

Tafuta neno DOT ubavuni na tarakimu nne za mwisho zake. 1825 ni wiki ya 18 ya mwaka 2025. Zisipokuwepo upande mmoja, geuza tairi. Mimi silichukui lililopita miaka miwili, na sinunui kwa duka linaloanika matairi nje juani mchana kutwa, hata tarehe ikiwa nzuri. Likiwa na lebo ya Umoja wa Ulaya, soma herufi mbili, ya matumizi ya nishati na ya mshiko kwenye maji, kuanzia A hadi E. Kwa Mombasa ningeacha herufi moja ya nishati nipate moja zaidi ya maji.

Nunua mawili kwa ekseli moja, aina ileile. Gari linalosukuma magurudumu yote manne, soma kwenye kitabu chake tofauti ya kina inayoruhusiwa kati ya tairi na tairi, kwani mara nyingine itakulazimu kununua manne.

Siku ya kufunga, simama hapo hapo. Betri iko chini ya sakafu, na jeki ikiwekwa mahali popote tu inaweza kulitoboa sanduku lake. Mwonyeshe fundi alama za kuinulia kabla hajainama, na umwambie kama kuna vitambuzi vya upepo ndani ya rimu ili asivivunje wakati wa kubandua tairi. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Siku za mwanzo betri itaonekana kuisha mapema kuliko ulivyozoea. Hiyo ni kawaida, kwa sababu tairi jipya lina ukinzani zaidi ya lile lililokwisha meno. Chukua tena kipimo chako ukifika kilomita 3,000, upime pale pale patatu. Ukingo wa ndani ukitangulia wa nje kwa milimita nzima, rudi kwa fundi wa alaimenti wiki hiyohiyo ukiwa na karatasi yako mkononi.