TAHADHARI: Muuza maua wa Nyali na "maua salama kwa paka"

Jamani wenye paka, naandika hivi mikono inatetemeka, nusu hasira nusu aibu, kwa hivyo mnisamehe nikirukaruka. Paka wangu Kashata yuko hai. Nalitanguliza hilo maana simu hazijanyamaza tangu jana.

Mimi ndiye niliyewakemea nyote mtoe mayungiyungi, yaani lily, kwenye vesi, maana ni sumu kwa paka. Mimi! Na mimi ndiye niliyeliwa kama mgeni aliyeshuka treni ya SGR asubuhi ya leo.

Jumamosi baada ya alasiri napita hapa Nyali, Mombasa, nikamwona huyo muuza maua chini ya mwarubaini, vyungu kavipanga juu ya mbao, vingine ni makopo ya rangi yaliyokatwa. Nikamwambia wazi kabisa: "Kakangu, nina paka anayetafuna kila kilicho kijani. Nataka sakulenti, ile mimea ya majani manene, isiyomdhuru." Wala hakusita. "Dadangu, hizi zote salama. Paka akila atashukuru." Nikashika kimoja, majani manene ya kung'aa, kingo zake zimekatikakatika kama msumeno uliochoka, na juu kuna vichipukizi vya maua bado vimefumba. Nikauliza, huu waitwaje? "Haworthia," akasema, tena kwa madaha. Nami nilishasoma kwamba Haworthia haina neno kwa paka. Lakini nilikuwa nimeiona kwenye picha tu, mara moja, usiku, usingizi umenishika.

Hapo ndipo aliponimaliza. Alichuma jani moja, akalitia mdomoni, akatafuna huku ananikazia macho. "Ingekuwa sumu si ningeanguka hapa?" Nikacheka. Akageuka upande kukohoa. Sasa nani angedhani mtu mzima amegeuka kutema jani?

Na msinihukumu kabla hamjasikia na hili. Miguuni pake alilala mtoto wa paka, mweupe, ana baka jeusi mkiani. Nikajiambia mwenye kufuga paka hawezi kumuulia mwenzake. Baadaye ndipo nikakumbuka yule mtoto alikuwa na uzi mguuni, umefungwa kwenye ubao. Kama maua ni salama alimfungia nini? Wallahi nimelala na swali hilo siku nne.

Nikachukua viwili. Cha pili kilikuwa na vijiti vyembamba vyenye ncha nyekundu, ati "umetoka Ulaya huo". Jumla 1,400, nikamtumia kwa M-Pesa, na shukrani juu.

Jumatatu alfajiri namkuta Kashata chini ya friji. Mate yamemtiririka mpaka kifuani, kwenye mkeka katapika mara tatu, na ndani ya matapishi vipande vya jani lile lile. Nilimtia kikapuni, tuktuk, buibui nimelivaa nje ndani. Daktari wa wanyama alimsikiliza moyo akanyamaza muda mrefu. Mapigo yalikuwa yanaruka. Nikamwonyesha picha ya chungu, akasema bila kufikiri: hiyo ni kalanchoe, mmea wa Madagaska, sumu yake hushika moyo, na ua lina sumu zaidi kuliko jani. Akampa mkaa wa dawa, akamtundikia dripu, tukalala huko siku mbili.

Kile cha Ulaya sasa. Mama wa jirani alikiona barazani akauliza, "Mwanangu, mnyaa umeuleta wa nini ndani?" Mnyaa! Ule wa kuzungushia boma, ule bibi zetu walitukataza hata kuuvunja kijiti, maana utomvu wake ukiingia jichoni utalia siku nzima. Nimelipa 800 kwa ua wa ng'ombe kwa sababu umepata ncha nyekundu!

Nilimpigia yule muuzaji. Mara ya kwanza akaniambia paka wangu alikuwa mgonjwa tangu zamani. Mara ya pili alikuwa ameshanibloki. Jumatano kakangu akaenda pale chini ya mwarubaini, hakuna mtu, hakuna ubao.

Mtu huyu afungwe yeye huo uzi mguuni. Askari wa kaunti wanaowafukuza akina mama wa mahamri wako wapi? Avishwe koja la mnyaa, atembezwe kutoka Nyali mpaka Feri!

Mnaouliza nitamjuaje: kila mmea kwake ni "salama", na hataki uupige picha kabla hujalipa (nilimwona akimzuia mwenzangu, nikadhani ana haya). Haworthia ya kweli ni ndogo, majani yamejipanga duara na yamechongoka, nyingi zina mistari au madoadoa meupe, wala haitoi maua mekundu kwa mafungu. Hata hapo usikurupuke, mshubiri mchanga hufanana nayo na nao si wa paka. Kijiti kikivunjika kikatoa maziwa, rudisha papo hapo. Paka akishakula, nenda na jani lenyewe kwa daktari, usingoje atapike. Mengine nitaandika nikitulia, sasa siwezi, kila nikimfikiria yule mtu akitafuna damu inanipanda.

Mwenye kumwona popote, hata Likoni, aniandikie pembeni. Vyungu vyote viwili ninavyo darini, nimevifunga kwenye gunia. Nataka nimpelekee mwenyewe, akae mbele yangu, amalize kutafuna. Na mara hii ameze.