Kuchoma mapema au kuacha mpaka mwezi wa tisa?
Watu wa miombo, ile misitu yenye nyasi chini ya miti, huko Tabora na Katavi mnajua huu ubishi hauishi, wengine wanasema msitu usiguswe kabisa, wengine wanachoma makusudi mwezi wa tano wa sita, nyasi zipungue kabla moto mkubwa haujaja. Mi niko na hawa wa pili. Mwezi wa sita nyasi bado zina ubichi kwa chini, moto unatambaa tu, unakula hapa unaruka pale, usiku umande ukishuka unazima wenyewe, asubuhi unakuta mabaka meusi na ya kijani, miche ya mninga imebabuka majani basi. Sasa acha mpaka wa tisa, nyasi zimesimama urefu wa mtu, kavu karakara, upepo wa mchana, mrina asali mmoja tu kaangusha kienge, ule mwenge wa kufukuzia nyuki, imekwisha hiyo, miche yote na mizinga ya watu inaenda. Ila kuchoma mapema nako ukipitiliza ng'ombe wanakosa malisho ya kiangazi. Na si kila sehemu jamani, Kilimanjaro Oktoba 2020 iliungua kama kilomita za mraba 95, kule juu huwezi kwenda na kiberiti ukasema unazuia.