Programu za kupanga na kufungua gemu za DOS: ipi uanze nayo

Mali bila daftari huisha bila habari, na gemu za zamani ni mali ya namna hiyo. Ukiwa nazo tano, DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani ya DOS (mfumo uliotumika kabla ya Windows), peke yake inakutosha: unaandika amri mbili tatu, folda inageuka diski C, unacheza. Zikifika arobaini, kila moja inakuja na tabia yake. Hii inataka kasi ndogo, ile inadai CD, nyingine inakaa kimya mpaka uielekeze kwamba kadi ya sauti ni Sound Blaster, anwani 220, IRQ 7, DMA 1, yaani namba ambazo gemu inazitumia kuifikia kadi hiyo. Hapo unahitaji programu ya kukutunzia yote hayo, ubofye jina la gemu na ifunguke.

Nyingi kati yake ni za bure, kwa hiyo unacholipa hasa ni muda: jioni baada ya jioni unarekebisha gemu moja moja. Kazi yangu ya miezi kadhaa iliwahi kupotea. Programu niliyokuwa nikiitumia iliweka kila kitu ndani ya hifadhidata yake, hifadhidata ikaharibika, nikabaki na folda tupu za maelezo. Iliniuma sana. Tangu siku hiyo, kabla ya kuangalia picha na mapambo, nauliza mipangilio inakaa wapi, na kama nikihama nitaweza kuhama nayo. Nimezipanga hapa kwa kipimo hicho.

Ya kwanza: DBGL

Ni programu huria iliyoandikwa kwa Java, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Majina na maelezo ya gemu yanakaa kwenye hifadhidata, lakini mipangilio ya DOSBox ya kila gemu ina faili yake ya conf, maandishi ya kawaida ambayo kihariri chochote kinayasoma. Hilo pekee lingetosha kuiweka mbele.

Kingine ninachokipenda ni kwamba haikufungi kwenye DOSBox moja. Unaweza kusajili DOSBox ya asili, DOSBox Staging na DOSBox-X kwa pamoja, kisha ukaamua gemu ipi itumie ipi. Faida yake utaiona ukikutana na gemu inayosumbua kwenye moja na kutulia kwenye nyingine. Pia unaweza kufungasha gemu na mipangilio yake kuwa kifurushi kimoja na kukihamishia kwenye kompyuta nyingine yenye DBGL.

Sura yake ni kavu, na dirisha la mipangilio lina vichupo vingi vinavyoweza kumtisha mgeni. Vumilia. Kwa kuanzia gusa vitatu tu: folda ya gemu, faili ya kuifungulia, na kasi. Kwenye DOSBox kasi inaitwa cycles. Gemu nyingi za miaka ya 1980 ziliandikwa kwa kufuata mwendo wa prosesa za wakati huo, ndiyo maana leo zinakimbia kama zimefukuzwa. Anza na 3000, shuka au panda taratibu mpaka mwendo ukae sawa.

Ya pili: LaunchBox

Kwa mtu wa Windows anayetaka maktaba ya kupendeza, hii ndiyo bora. Ilianza kama programu ya DOSBox kabla haijapanuka kwenda kwenye mashine nyingine, na asili hiyo bado inaonekana: unaiongezea gemu ya DOS bila kutafuta emuleta, yaani programu ya kuiga mashine kama DOSBox, pembeni. Inapakua picha za maboksi na maelezo yenyewe, na data yake inaiweka kwenye faili za XML zinazosomeka. Toleo la bure linatosha kabisa kwenye dawati. Big Box, sura yake ya skrini nzima ya kutumia kwa padi (kidhibiti cha gemu cha mkononi), inahitaji leseni ya kulipia. Usiilipie kabla hujatumia toleo la bure na gemu zako mwenyewe kwa wiki kadhaa.

Ya tatu: RetroArch pamoja na DOSBox Pure

Hii ni ya anayecheza kwa padi, mbali na kibodi. RetroArch ni programu moja inayobeba emuleta nyingi, na DOSBox Pure ni DOSBox iliyotengenezwa kukaa ndani yake. DOSBox Pure inafungua gemu moja kwa moja kutoka kwenye faili ya ZIP, inakuonyesha faili za EXE, COM na BAT zilizomo ili uchague, na mabadiliko inayahifadhi kando bila kuigusa ZIP yako. Unaweza pia kuhifadhi mchezo mahali popote ulipofika. Menyu za RetroArch, kwa kweli, ni msitu. Na kwa gemu zinazotegemea kibodi nzima, kama zile za kurusha ndege, rudi kwenye DBGL.

D-Fend Reloaded niliipenda sana enzi zake. Ni nyepesi, na inaitambua gemu nyingi na kuziwekea mipangilio yenyewe. Ila ni ya Windows tu na haijaendelezwa kwa miaka mingi, kwa hiyo anayeanza leo simshauri. Playnite ni nzuri kama lengo ni kukusanya gemu mpya na za zamani kwenye orodha moja.

ScummVM iko kundi la peke yake, kwa sababu haiigi kompyuta ya zamani. Inaandika upya injini ya gemu yenyewe na kusoma data zake. Kwa gemu za hadithi na mafumbo inazozitambua, itumie hiyo kwanza, maana suala la kasi na kadi ya sauti linakuwa dogo mno. Jaribu na Beneath a Steel Sky ya 1994, ambayo wenyewe waliiachia bure mwaka 2003.

Ukichagua, jambo moja kuhusu CD: gemu nyingi za katikati ya miaka ya 1990 ziliweka muziki kama nyimbo za CD ya kawaida. Ukiinakili CD kuwa faili moja ya ISO, nakala hiyo haibebi nyimbo hizo, hivyo gemu itafunguka lakini bila muziki, na utailaumu programu bure. Tengeneza nakala ya faili mbili, CUE na BIN, inayobeba na nyimbo.

Halafu usihamishe gemu zote arobaini siku hiyo hiyo. Weka tatu: ya kasi ndogo, ya CD, na Doom ya 1993 ambayo sehemu yake ya kwanza ilisambazwa bure. Zikicheza sawa, na kama umechagua DBGL, itafute faili ya conf ya mojawapo na uifungulie DOSBox yenyewe kwa amri ya -conf, bila kupitia programu uliyochagua. Gemu ikifunguka, ziongeze zilizobaki.