Chai ya majani ya porini pale Marikiti: kivumbasi ndicho cha kununua

Anayetaka chai ya majani ya porini bila kuingia porini mwenyewe ataipata Marikiti, soko la Mombasa, kwenye meza ya mama mmoja anayeuza vicha vikavu vya kivumbasi na mchaichai, pamoja na mfuko wa mchanganyiko ambao ndio unaokimbiliwa na wengi na ambao, kwa maoni yangu, haustahili kukimbiliwa.

Kivumbasi chake ni kizuri kweli. Majani yamekaushwa kivulini, kwani bado yana rangi ya kijani, na yakifikichwa kiganjani hutoa harufu inayokaribia ya karafuu, ilhali yaliyoanikwa juani hugeuka kahawia na kunuka nyasi tu. Kicha huuzwa kizima, na vijiti na mashuke yake, hivyo mnunuzi huona anachokinunua. Maji yakishachemka huepuliwa, majani yakatiwa, na birika likafunikwa kwa dakika 7 hivi. Kifuniko kina maana kuliko wingi wa majani, kwa sababu mafuta yanayobeba harufu huruka pamoja na mvuke, na majani yakitokoswa huacha uchungu. Iliki na tangawizi, ambazo sisi wa Mombasa tunadhani chai si chai bila hizo, ziachwe kando.

Mchaichai ni wa kupandwa, na muuzaji hafichi. Ni mkavu na safi.

Mfuko wa mchanganyiko ndio wenye kasoro. Mmea wa porini hutambulikana kwa jani, shina, ua na harufu yake, na hapa vyote vimesagwa pamoja. Uchungu uliomo ni wa mwarobaini, mmea ambao mjamzito hutakiwa kujiepusha nao, lakini mnunuzi haambiwi. Nilipouliza majani yamechumwa wapi, kivumbasi kilitajiwa mashamba ya Kaloleni, ila mchanganyiko ulisemekana umetoka “huku na huku”. Jibu hilo halitoshi: majani ya kando ya barabara hubeba vumbi na moshi wa magari, na misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ina miiko yake kuhusu kukata mimea.

Kicha ni shilingi 50, mfuko shilingi 200. Anayekwenda afike kabla ya saa nne asubuhi, maana baadaye jua huifikia meza na vicha huanza kupoteza harufu.