Muvi za mateso za Kwaresima, laibrari moja hapa Bagamoyo: huduma poa, mtafsiri ndo kaniudhi

Kwa mnaouliza wapi wanaweka muvi za dini kwenye flashi hapa Bagamoyo, kuna kalaibrari njia ya sokoni, jina sitaji maana nina malalamiko kidogo, ila bei nzuri, buku jero muvi tatu, na flashi hairudi na vairasi. Dogo wa pale Muislamu lakini muvi za Yesu anazijua kuliko wanakwaya wetu. Nikamwambia, "mdogo wangu, niwekee za mateso, za kutafakari," akanijazia.

Za Kibongo na za Kinaija ndo nyingi. Jamani. Humo mateso lazima yawe na mtu wa kulaumiwa, shangazi mchawi, mama wa kambo, hausigeli, yaani hakuna anayeumwa tu kwa sababu binadamu huumwa. Dada wa watu analia saa nzima, mchungaji anaingia na suti, anakemea, dakika tano za mwisho gari na harusi. Kitabu cha Ayubu kina sura 42 na mali zinarudi kwenye hiyo ya 42, hawa wanakimbilia huko moja kwa moja, zile za katikati Ayubu anabishana na Mungu na rafiki zake wanamwambia lazima umetenda dhambi hawana habari nazo. Sasa muoneshe hiyo mtu anayeuguza mgonjwa asiyepona, atatoka hapo anajiuliza imani yake ina kasoro gani.

The Passion of the Christ ya Mel Gibson, 2004, wengi mmeiona. Inaanza na Isaya 53, kwamba kwa kupigwa kwake sisi tumepona, maana ya mateso umeshapewa mlangoni, baada ya hapo ni damu. Kwenye Yohana 19:1 mijeledi ni sentensi moja, humu inaenda mpaka unaangalia pembeni, halafu ufufuo, wewe ukiinuka kuchukua maji umekupita. Nalia kila nikiiangalia sikatai, ila nabaki nimemhurumia Yesu tu.

Sasa Silence ya Martin Scorsese ya 2016, hii ndo imenifanya niandike. Mapadri Wajesuti Japani karne ya 17, Wakristo wanakamatwa wanaambiwa wakanyage kibao chenye sura ya Yesu wasalimike, padri anaomba weee, Mungu kimya. Kuna mwanakijiji anaitwa Mokichi wanamfunga msalabani baharini, maji yanajaa yanapwa, siku nne mpaka anakufa, sisi wa pwani hapo hatuhitaji kuelezwa. Muziki wa kukuambia lia sasa husikii. Na padri mwenyewe hawamtundiki, wanatesa wengine mbele yake mpaka akubali kukanyaga, hapo ndo nilipopozi muvi nikakaa.

Malalamiko: dogo kaniwekea iliyotafsiriwa, ile jamaa anasimulia Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Muvi nzima ni ya ukimya wa Mungu halafu mtafsiri hanyamazi! Padri kapiga magoti gizani, jamaa anajaza, "hapa mtumishi anawaza moyoni, Mungu vipi mbona hupokei," mara anasalimia washkaji zake wa Mbagala. Nimecheka mpaka machozi, halafu hasira. Nikarudi kudai orijino yenye maandishi chini, kanibadilishia bure bila maneno, hapo nampa tano.

(Halafu pale misheni kwetu, iliyoanza 1868, kuna makaburi ya wamisionari waliokufa vijana kabisa, na watumwa waliokombolewa waliishi palepale, na chuo chetu cha sanaa, TaSUBa, wanafunzi wamejaa. Mtu aitengenezee muvi hiyo, natoa elfu kumi bila kuomba punguzo.)

Nimeagiza pia Of Gods and Men, ya Wafaransa, 2010, ile ya watawa wa Algeria waliotekwa na kuuawa 1996, muda mwingi wa muvi wanajadiliana tu kama wakimbie au wabaki na majirani zao Waislamu. Dogo kaniambia ataishusha bando la usiku likiingia, ila nisikasirike dada, hiyo haina mtafsiri. Nimemlipa hapohapo.