Majarida ninayonunua hata yakichelewa kufika Lubumbashi

Jarida la Paris likifika Lubumbashi, habari zake za siasa zimeshapoa. Redio imeshazisema, simu zimeshazisambaza, na pengine waziri aliye kwenye jalada ameshaondolewa. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa biolojia ninayependa majarida tangu ujana, nayapima kwa jambo moja: nikilifungua baada ya miaka, bado lina kitu cha kunipa? Likikosa, karatasi iwe inang'aa namna gani, pesa yangu inabaki mfukoni. Haya ndiyo yaliyonitendea haki.

Kwanza namna ya kuyapata. Dukani mjini yapo mapya, ila bei yake inamfanya mzazi ahesabu unga wa bukari kwanza. Wengi wetu tunanunua kwa vijana wanaotandaza vitabu chini, upande wa Posta. "Yaya, ii ingali mupya, haina ata paje yenye kupasuka," muuzaji wangu ataniambia, na sina shaka naye, lakini kwanza nafungua katikati, pale pini mbili zinaposhika karatasi. Karatasi za katikati ndizo hung'oka mapema, na kama jarida lilikuja na ramani ya kukunjua, mara nyingi imeshachomolewa na kubandikwa ukutani kwa mtu. Kisha nanusa. Jarida lililonyeshewa na mvua likaanikwa halifichiki, kurasa zake zinashikana na picha zinabanduka ukizifungua.

Abonema, yaani kulipia matoleo mapema, kupitia wakala siwashauri. Niliwahi kulipia mwaka mzima kwa wakala mmoja wa hapa mjini, matoleo ya mwanzo yakaja, halafu kimya, na kila nikienda naambiwa nirudi wiki ijayo. Kama unataka kusoma bila kununua, nenda Halle de l'Étoile, Institut français, ukae kwa utulivu. Kusoma kwenye simu kunawezekana, lakini mega za intaneti zinaisha na umeme ukikatika usiku karatasi na mshumaa vinakutosha.

Nikiambiwa nibaki na moja tu, nitabaki na Congo-Afrique. Inatolewa Kinshasa na Wajesuiti wa CEPAS, kituo chao cha utafiti wa mambo ya jamii. Ilianza 1961 kwa jina la Documents pour l'Action, ikawa Congo-Afrique 1966, nchi ilipobadilishwa jina ikaitwa Zaïre-Afrique, na 1997 ikarudia jina lake. Ukiiona mara ya kwanza utaipita: ndogo kama kitabu cha sala, maandishi yamebanana, picha karibu hakuna. Ndani ndimo kuna mali. Uchumi, sheria, ardhi, shule, lugha, afya, yote yameandikwa na watu wanaoishi na mambo hayo, wengi wao Wakongomani, na kila mmoja anaonyesha hesabu zake zimetoka wapi.

Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika 1984. Tangu hapo kila mtu anataja idadi anayoitaka. Padri Léon de Saint Moulin, mwanahistoria aliyeutumia uhai wake kuhesabu na kuchora ramani za nchi hii, aliandika mengi kuhusu idadi ya watu katika jarida hilo. Siku wanafunzi wangu walipobishana kuhusu ukuaji wa miji yetu, sikuwapa maneno yangu. Niliweka Zaïre-Afrique ya miaka ya themanini juu ya meza, karatasi imegeuka rangi ya chai, wakazifuata safu za jedwali kwa kidole. Walinyamaza, wakaanza kukokotoa. Jarida lililozaliwa kabla yao linawafundisha kudai ushahidi kwa anayetaja namba. Udhaifu wake ni Kifaransa kigumu. Mtu aliyeishia sekondari atachoka kwenye ukurasa wa tatu, na hilo linanihuzunisha, maana mambo yanayoandikwa humo yanamhusu yeye kwanza.

La pili ni National Geographic, lile la ukingo wa manjano, lililoanza Marekani mwaka 1888. Watu hulinunua kwa ajili ya picha, na kweli picha zake hazina mfano, lakini mimi nalipenda kwa sababu mwandishi wake anafika. Anapanda, anakaa, anarudi tena. Nina toleo la Julai 2008, la Kiingereza, nimelisoma kamusi ikiwa mkononi. Linahusu gorila wa milimani waliouawa katika mbuga ya Virunga Julai 2007. Brent Stirton alipiga picha wakati wanakijiji wanamtoa msituni Senkwekwe, dume la mgongo wa fedha lenye zaidi ya kilo 200. Wamemlaza chali juu ya miti, wamemfunga kwa kamba za msituni, mikono imetanuka, na watu ni wengi kama kwenye mazishi ya mkubwa wa ukoo. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima kabla ya toleo hilo. Jarida lilifanya kazi iliyobaki: kuuliza nani aliwaua na kwa nini. Mwandishi anaifuata biashara ya makala, yaani mkaa wa kupikia, namna miti ya mbuga inavyochomwa ili mji wa Goma upike, na namna walinzi wanaoizuia wanavyotengeneza maadui.

Niliwasomea darasa sehemu hiyo. Mtoto mmoja akauliza makala ya kwao nyumbani yanatoka wapi. Wengine wakaanza kutaja njia: Kasenga, Likasi, malori ya alfajiri, baiskeli zilizobeba magunia hadi mwendeshaji haonekani. Somo la misitu ya miombo lilijifungua lenyewe, na kitabu cha wizara kilikuwa hakijafunguliwa bado.

Toleo la Aprili 2011 pia silitoi. Lina safari ya wanasayansi walioshuka ndani ya kreta ya volkano ya Nyiragongo hadi karibu na ziwa la lava. Linaeleza kwa nini mlima ule unatisha kuliko mingine: lava yake ni nyepesi mno, inatiririka badala ya kujikokota, kama ilivyoonekana 1977 na tena Januari 2002 ilipopita katikati ya Goma. Miaka kumi baada ya toleo hilo, tarehe 22 Mei 2021, mlima ukapasuka tena. Jamaa zetu wa Goma wakiwa barabarani na magodoro kichwani, sisi huku tulikuwa tunatafuta wa kutueleza, na maelezo mazuri kuliko yote niliyokuwa nayo yalikuwa kwenye lile jarida kuukuu.

Jeune Afrique wengi mnaijua. Béchir Ben Yahmed aliianzisha Tunis mwaka 1960 kwa jina la Afrique Action, ikahamia Roma kisha Paris, na yeye akaiongoza kwa miongo mingi. Alifariki Mei 2021. Zamani ilikuwa ya kila wiki, nami sikuinunua sana, kwa sababu iliyotoka wiki nne zilizopita ilikuwa haina kazi tena. Mwaka 2020 ikawa ya kila mwezi. Watu walilalamika. Mimi nasema kwetu imekuwa faida: maandishi yamerefuka, uchunguzi umepata nafasi, na ikichelewa bado inasomeka. Soma taarifa zake ndefu kuhusu madini na fedha. Mahojiano na marais unaweza kuyaruka, wanasema walichotaka kusema.

Kwa sayansi nilikuwa mtu wa Science & Vie, jarida la tangu 1913. Michoro yake imeniokoa darasani mara nyingi. Nikikosa kifaa cha maabara nawapitishia wanafunzi mchoro wa seli au wa injini na wanaelewa. Halafu mwaka 2021 kundi kubwa la waandishi wake wakaacha kazi baada ya kutoelewana na mmiliki mpya, na mwaka huohuo baadhi yao wakaanzisha Epsiloon. Nilizitafuta zote mbili. Ninayoirudia ni Epsiloon, kwa sababu mwandishi anakuonyesha wanasayansi wanapokubaliana na wanapopingana, hakumalizii jambo kwa mshangao. Ni adimu sana hapa, ukiikuta usiiache.

Amina, la wanawake, tangu 1972, nalitaja kwa ufupi kwa kuwa msomaji wake nyumbani ni mke wangu. Anapenda simulizi za wanawake Waafrika waliofungua biashara ughaibuni. Fundi cherehani wetu anapenda kurasa za vitenge, na ukimwazima Amina hulipati tena.

Mwana Shaba ni sura nyingine. Lilikuwa jarida la Union Minière, kampuni ya madini, kuanzia 1957, na baadaye la Gécamines iliyochukua nafasi yake. Ni jarida la kampuni, kwa hiyo usitegemee limkosoe bosi. Hata hivyo wazee wa mtaa wa Kamalondo na wa kambi za wafanyakazi wakilishika wanakaa nalo saa nzima. Wanatafuta nyuso. "Uyu alikuwa jirani yetu, uyu alicheza mpira na baba." Picha za familia kambini, za wafanyakazi, za michezo: maisha ya mji huu yamehifadhiwa humo, na ninaona uchungu kila nikikuta kurasa zake zimefungia karanga.

Limebaki pengo la lugha. Pale chini ninaponunua sijakuta jarida la Kiswahili la kujaza mkono, na sisi tunaongea Kiswahili kutwa. Lililonifikia ni Fema, la vijana wa Tanzania, linalosambazwa katika shule za sekondari huko. Dereva wa lori anayepitia mpaka wa Kasumbalesa alimletea mpwa wangu. Linaongea na kijana kuhusu mwili wake, pesa na kazi bila kumtisha. Mpwa wangu alianzia kwenye barua za wasomaji wenzake, akacheka Kiswahili chao kilivyonyooka, akamaliza jarida lote siku ileile. Kifaransa hajawahi kukisoma hivyo.

Kwa sasa natafuta Zaïre-Afrique za 1985 hadi 1990 na Mwana Shaba yoyote ya kabla ya 1970, hata bila jalada. Nina National Geographic kadhaa zilizojirudia, na mbili kati yake ramani zake hazijachomolewa. Nitabadilishana na aliye hapa Lubumbashi.