Fundi wa kamera wa Soweto, Mbeya: mpeni kazi

Nauza vipuri vya simu kwa jumla Mwanjelwa. Fundi huyu wa kamera za ulinzi alichelewa siku mbili, na nilimwambia wazi kwamba nimekasirika.

Ila kazi yake! Kabla ya kuunganisha mashine ya kurekodi na intaneti ya duka, aliifutia nywila ya kiwandani, akaweka mpya. Flashi yangu aliikataa. "Dada, haiingii humu mpaka niipime virusi." Nikamuuliza, ya nini yote hayo? Akanipa habari ya TSMC, watengenezaji wa chipu wa Taiwan: Agosti 2018 mtambo mpya uliunganishwa kwenye mtandao wao bila kukaguliwa kwanza, kirusi cha jamii ya WannaCry kikasambaa, mitambo ikasimama. Geti na walinzi walikuwepo. Hilo limenikaa kichwani, maana mimi nilikuwa nawaza makufuli tu.

Alipomaliza akachora kwenye daftari langu kila kamera ilipo, waya unapopita, na nani ana nywila. Stoo ya nyuma, pale penye giza, sasa naona hadi maandishi ya maboksi. Bei yake si ndogo. Nitamwita tena.